Michoro Si Nyongeza ya Sofa: Kwa Wabunifu wa Ndani Mnaoanza Kazi

Kila mwaka tunapokea ofisini vijana waliohitimu ubunifu wa ndani, wenye mkono mwepesi kwenye SketchUp, programu ya kuchorea kwa kompyuta, na jicho kali la rangi, na kila mwaka nawasikia wakimwambia mteja maneno yaleyale: "Michoro tutakufanyia bure, wewe utalipia samani tu." Wiki iliyopita nimeyasikia tena, yakisemwa na binti ninayempenda kwa bidii yake, naye aliyasema kwa tabasamu kana kwamba anatoa ofa ya sikukuu. Halafu jioni vijana haohao hulalamika kwamba wananchi hawaijui taaluma yetu na kwamba wanatuchanganya na wapambaji wa kumbi za harusi na wauza mapazia. Wananchi wanatuelewa kama tunavyojiuza, na yafuatayo nayaandika kwa sababu nimechoka kuyarudia kwa mdomo.

1. Mteja akikuuliza kazi yako ni nini, usianze na rangi wala mito ya sofa. Mfungulie ramani yake mwenyewe umwoneshe mlango wa choo utakaogonga beseni, soketi ya friji iliyopangwa nyuma ya kabati, na korido ambayo kiti cha magurudumu cha mama yake hakitapita. Mama mmoja wa Mbezi hakunielewa hata kidogo mpaka nilipochora jiko lake kwa chaki sakafuni, nikamwomba aigize kupika wali na nyama: atoe nyama kwenye friji, aioshe kwenye sinki, ageukie jiko. Mlango wa friji ulipofunguliwa, hata kama ni wa chaki, ulifunga njia yote. Alicheka sana, kisha akampigia simu fundi umeme arudi kabla plasta haijapigwa. Tangu siku hiyo hakuniita tena mtu wa mapambo.

2. Msiishi kwa cha juu. Najua wengi wenu mtatabasamu hapa, kwa kuwa mnajua jinsi duka linavyoandika risiti ya bei iliyoongezwa na kumrudishia mbunifu tofauti. Mimi nilikuwa hodari wa mchezo huo. Nilipata mteja mfanyabiashara aliyekuwa akijenga nyumba ya ghorofa, nikamwambia michoro ni bure, nikachora kila kitu: mpangilio wa samani, dari la jipsamu, taa, kabati za jikoni na ratiba nzima ya vifaa. Nilipanga kujilipa kwenye vigae, taa na sofa za fundi wa Keko. Kazi ilikwenda vizuri hadi vigae kadhaa vilipopasuka na mdogo wake mteja akaenda mwenyewe Kariakoo kutafuta vya kujazia. Alirudi na boksi lenye nembo ileile na rangi ileile, na risiti yenye bei ya chini kuliko yangu.

Mteja hakufoka, na afadhali angefoka. Alizilaza risiti mbili juu ya mfuko wa sementi, akazinyoosha kwa kiganja, akauliza, "Hii tofauti ni ya nini?" Jibu la haki lilikuwepo: ilikuwa ya usiku niliokesha nikimchorea, ya vipimo nilivyorudia kuchukua, ya makosa ya ramani niliyoyakamata mapema. Lakini jibu hilo nilikuwa nimelifunga mwenyewe siku ya kwanza niliposema michoro ni bure, kwa hiyo nikaanza kuzungumzia gharama za usafiri. Aliniacha nimalize, mafundi rangi wakisikiliza huku wakijifanya wanakoroga ndoo, kisha akasema, "Kumbe wewe ni dalali, kaka. Mimi nilidhani nimeajiri mtaalamu."

Akachukua michoro, ambayo kwa maneno yangu mwenyewe haikuwa na bei, akamkabidhi fundi aendelee nayo. Fundi alishusha jipsamu hadi ikakata sehemu ya juu ya madirisha ya sebule, na walioiona nyumba hiyo waliambiwa kwamba mbunifu ni mimi. Mteja naye aliwaambia rafiki zake kwamba watu wa ubunifu wa ndani ni madalali, na kwa ushahidi aliokuwa nao siwezi kusema alinionea.

Andikeni ada ya usanifu kwenye mstari wake katika proforma, yaani ankara ya awali mnayompa mteja, vifaa kwa bei ya duka, na kama mnasimamia manunuzi, ada ya usimamizi nayo ionekane waziwazi. Wapo watakaokimbia, waacheni wakimbie.

3. Mkipewa baa au ukumbi, hapo msikubali kuitwa wapambaji hata kwa utani. Mwaka 2003, katika klabu ya The Station huko Rhode Island, Marekani, fataki za bendi ziliwasha sponji iliyobandikwa ukutani ili kupunguza kelele, na watu 100 wakafa. Miaka kumi baadaye, katika klabu ya Kiss huko Santa Maria, Brazil, sponji ya namna hiyo ilishika moto na watu 242 wakapoteza maisha. Mwenye ukumbi akitaka dari la kitambaa, au pazia la kuficha mlango wa dharura kwa sababu unaharibu picha, kataeni, na mkatae kwa maandishi.

4. Fuatilieni usajili. Hapa Tanzania, Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, inayofanya kazi chini ya Sheria Na. 4 ya 2010, husajili pia wabunifu wa ndani. Msisubiri mteja awaulize.

5. Acheni kuitikia mtu anaposema fani hii ni ya Wazungu. Katika nyumba za mawe za Lamu, ambako urefu wa boriti za mikoko ndio ulioamua upana wa chumba, waliozijenga walipanga daka, yaani kibaraza cha mlangoni, la kumpokelea mgeni, wakapinda njia ya kuingilia ili macho yake yasifike uani, na wakachonga zidaka, vile vishubaka vya kuwekea vitu, katika kuta za vyumba vya ndani. Huo ni ubunifu wa ndani, tena wenye nidhamu kuliko nusu ya kazi zinazopita mezani kwangu. Mzee mmoja wa Upanga aliyenitupia maneno hayo nilimwuliza mgeni wa ghafla humkalisha wapi. Akaonesha sebule, na hapo ndipo alipotambua kwamba kochi la mgeni linatazamana na mlango wa chumba cha kulala. Kazi yetu ya kwanza kwake ilikuwa kuuhamisha mlango huo, na yeye ndiye aliyependekeza pa kuupeleka.