Freiburg na sifa zake za "mji wa kijani": niliyoyaona mimi

Mleta uzi anasema dadake amepata familia ya kumpokea Freiburg, Ujerumani, akalee watoto kwa mwaka mmoja. Anauliza kama kweli mji ule unajali mazingira kama unavyosifiwa, ama ni maneno tu ya kuvutia watalii. Mimi nilikaa huko mwaka mzima kwa kazi hiyo hiyo, wenyewe wanaiita "au pair", kisha nikarudi zangu mtaa wa Umoja, Nairobi. Nitajibu kwa kirefu, mnivumilie.

Sifa ni za kweli, ila sababu zake sizo nilizokuwa nimedhani.

Familia yangu ilikaa Vauban, mtaa uliokuwa kambi ya wanajeshi wa Ufaransa hadi walipoondoka 1992. Sehemu kubwa ya mtaa huo huegeshi gari mlangoni. Ukitaka kuwa na gari unanunua nafasi kwenye jengo la maegesho pembeni mwa mtaa, kwa maelfu ya euro, na nyumbani unaingia nalo kushusha mizigo tu. Baba wa familia alikuwa nalo. Jumamosi yangu ya kwanza tulitembea kulifuata kwenye baridi, tukaenda dukani, tukarudi kushusha vitu, naye akalirudisha maegesho akaja kwa miguu akipuliza vidole. Jumamosi iliyofuata akatoa baiskeli ya mizigo, ile yenye sanduku mbele, akapakia watoto wawili na gunia la viazi katikati yao. Hakuwahi kunihubiria habari za tabianchi hata siku moja. Gari lilikuwa linamsumbua, na tramu ilipita hapo karibu tangu 2006. Basi.

Chupa nazo ni hivyo hivyo. Ukinunua soda ya chupa ya plastiki au ya kopo, unalipa senti 25 za euro juu ya bei, kama shilingi 35 za kwetu. Ukimaliza unairudisha dukani: kuna mashine ukutani yenye tundu la duara, unaisukuma ndani, inaizungusha ikisoma alama zake, halafu inaimeza. Mwishowe inakutolea risiti unayolipia mkate. Ndiyo maana huoni chupa barabarani. Na usidhani hakuna waokotaji. Usiku niliwaona wazee, makoti safi kabisa, wakimulika mapipa ya taka kwa tochi ili wapate senti hizo. Nilikumbuka Dandora, jalala letu kubwa la Nairobi, nikanyamaza.

Kwenye taka jamani niliaibika. Karatasi zina pipa lake, maganda ya vyakula lake, vifungashio mfuko wa manjano, na yaliyobaki pipa lingine. Wiki ya pili nilitia nepi kwenye mfuko wa manjano. Wachukuaji wakauacha palepale nje, na jirani, mama wa makamo, akaja kunigongea mlango akiwa ameushika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. Mwambie dadako ajifunze mambo ya mapipa kabla ya kujifunza salamu.

Niliporudi Nairobi nilikuja na ushamba wa mtu aliyetoka ng'ambo. Nikawa natenganisha taka, mifuko miwili. Vijana wa taka wa ploti yetu wakaja na mkokoteni, wakatupia yote pamoja. Nikawaka. Mmoja akacheka: "Sista, chupa tunazitoa sisi wenyewe tukifika pale mbele, ndiyo pesa yetu." Kumbe kutenganisha kupo, ila anayefanya ni yeye, mikono mitupu, na halipwi kwa kazi hiyo. Sheria ya taka ya 2022 inatutaka tutenganishe nyumbani, lakini mpaka leo ploti yetu ina pipa moja.

Na tusijidharau sana. Asubuhi simama Jogoo Road uone umati unaotembea hadi Industrial Area. Nguo zetu ni za mitumba, redio inapelekwa kwa fundi mara nne kabla ya kutupwa, na juala za plastiki tulizipiga marufuku Agosti 2017. Tofauti ni kwamba mwenzetu wa Freiburg anatembea kwenye njia yenye kivuli, naye wa Nairobi anarukia mtaro matatu isimgonge.

Kuna mwingine hapo juu ameandika kwamba Wajerumani wamezaliwa na nidhamu. Hapana. Mwanzo wa sifa za Freiburg ni vurugu. Mwaka 1975 wakulima wa zabibu wa Wyhl, kijiji kisicho mbali na hapo, pamoja na wanafunzi wa mjini, walivamia eneo ambalo serikali ilitaka kujenga mtambo wa nyuklia, wakapiga kambi. Mtambo haukujengwa kamwe. Kwa Mkenya hiyo si hadithi ngeni: Wangari Maathai alipinga lile ghorofa lililotakiwa kujengwa ndani ya bustani ya Uhuru Park 1989, na miaka kumi baadaye akapigwa akiutetea msitu wa Karura. Leo tunakwenda Karura na watoto kama vile msitu ulibaki wenyewe tu.

Ubaya wa Freiburg? Kodi ya nyumba. Usafi ule unalipiwa. Mwanamke aliyekuwa akisafisha shule ya watoto niliokuwa nikiwalea alikaa kijiji cha mbali kwa sababu mjini hakuweza, na alikuja kazini kwa gari.

Dadako akifika, anunue baiskeli kuukuu yenye taa zinazowaka, kwa sababu polisi wanatoza faini ukiendesha gizani bila taa. Na katikati ya mji aangalie miguu: kuna vijifereji vya maji vinavyopita kandokando ya barabara, na wenyeji wanasema ukitumbukia kwa bahati mbaya utaolewa na mtu wa Freiburg. Mimi nilitumbukia mara mbili. Bado niko Umoja.