Kitabu nimekimaliza, mawazo hayajaisha

SWALI: Nauza mitumba Kibuye, Kisumu. Tangu biashara ilegee nimekuwa mtu wa kujifungia, na usiku nawaza kwamba sifai kitu. Rafiki yangu alinipa kitabu cha kujisaidia cha tiba ya fikra na tabia. Nimekisoma mara mbili na sioni tofauti. Je, vitabu hivi vinatufaa kweli? – Mama Mitumba, Kondele

JIBU: Pole sana, dada. Vinafaa, ila umekisoma kama riwaya. Tiba hii, iliyoanzishwa na daktari Aaron Beck kule Marekani miaka ya 1960, ni ya mazoezi. Yale majedwali ya kujaza kitabuni, ambayo wengi huyaruka, ndiyo dawa yenyewe. Nunua daftari, uanze upya, sura moja kwa wiki.

Kwa vile unajifungia, fikra ziache kwanza. Wiki ya kwanza andika ulichofanya kila saa na uipe hali ya moyo alama, 0 hadi 10. Wiki ya pili chagua shughuli mbili ndogo zilizokupa alama nzuri, kama kutembea dakika 20 jioni, uzipangie siku na saa. Zifanye hata bila hamu. Hamu huja ukishaanza. Anayeingoja kitandani huifanya izidi kukauka.

Wiki ya tatu ingia kwenye jedwali la mawazo, lenye safu hizi: tukio, hisia na nguvu yake kwa asilimia, wazo lenyewe, ushahidi wa kuliunga mkono, wa kulipinga, wazo lenye mizani, yaani linalozingatia ushahidi wa pande zote mbili, kisha hisia tena. Lijaze siku hiyo hiyo, kabla kumbukumbu haijapoa. Na liandike wazo kwa lugha lililokujia. Likija kwa Kijaluo, "ok anyal", yaani siwezi, liache hivyo hivyo. Ukilitafsiri kwa Kiingereza cha kitabu linapoteza makali, na ni hayo makali unayoyapima.

Wengi hukwama kwenye safu ya wazo. "Nilihuzunika" ni hisia. "Nitauza kweli?" ni swali, halipimiki. "Wateja wote wamenikimbia" ndilo wazo, na daftari la mauzo laweza kulijibu: Jumapili walikuja watatu wa siku zote. Usijibu kwa maneno matamu kama "mimi ni bora kuliko wote", moyo utayakataa. Hisia ikishuka kutoka 80 hadi 60, zoezi limefanya kazi.

Ushahidi ukionyesha wazo ni kweli, mathalani deni lipo, jedwali halilipi deni. Hapo andika njia tatu za kulikabili, uchague moja ya kujaribu wiki hii.

Mwombe mtu unayemwamini alikague daftari kila wiki. Anayesindikizwa hufika mbali kuliko aliye peke yake. Wiki ya sita ikifika bila nafuu, nenda ukaonane na mtaalamu. Ukishindwa kula au kulala, au ukiwaza kujiua, usingoje wiki yoyote: mwambie mtu akusindikize leo hii hadi Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, na daftari ulibebe.