Kwa wanaoanza utafiti kuhusu wafalme wa India waliopoteza utajiri

Rasimu za sura ya kwanza zimeanza kuwasili, na kama ilivyokuwa kwa makundi yaliyotangulia, nyingi zinafunguka kwa kasri lililojaa popo, mjukuu wa mfalme anayeishi kwa chai na mkate, na dai kwamba yote hayo yaliletwa na uhuru wa mwaka 1947. Wanangu, bidii yenu naiona na ninaithamini. Hata hivyo, nimechoka kuandika maelezo yaleyale pembeni mwa kila ukurasa, kwa hiyo nayaweka hapa yote kwa pamoja, nikiamini kwamba mnaifahamu historia ya posho walizolipwa wafalme hao, na ya mikataba iliyounganisha na India dola zao, yaani nchi ndogo walizozitawala.

1. Tenganisheni siku mfalme alipopoteza mamlaka na siku alipopoteza fedha. Mwaka 1947 palikuwa na dola za kifalme zaidi ya 550, na mkataba wa kujiunga na India ulikabidhi kwa serikali ya Delhi mambo matatu tu: ulinzi, mambo ya nje na mawasiliano. Utawala wenyewe uliondoka kwa mikataba iliyofuata, ambayo Vallabhbhai Patel, waziri aliyeshughulikia dola hizo, na katibu wake V. P. Menon waliisimamia, na kwa malipo yake ibara ya 291 ya Katiba iliwahakikishia watawala posho ya kila mwaka isiyotozwa kodi. Maharaja wa Mysore alipangiwa rupia laki 26, na mtawala wa Katodia rupia 192. Anayewaweka wawili hao katika sentensi moja na kuwaita "wafalme wa India" hajamweleza msomaji lolote. Posho hiyo haikufutwa hadi Desemba 1971, tena kwa mvutano mkubwa: muswada wa mwaka 1970 ulipita bunge la chini, ukakosa theluthi mbili katika bunge la juu kwa pungufu lisilofikia kura moja nzima, Rais akatoa amri ya kuwaondolea watawala utambuzi, Mahakama ya Juu ya India ikaitengua Desemba 1970, na ndipo Waziri Mkuu Indira Gandhi aliporudi na wingi wa wabunge na kupitisha marekebisho ya 26 ya Katiba. Kati ya uhuru na tukio hilo kuna miaka 24, na sehemu kubwa ya kazi yenu imo ndani ya miaka hiyo.

2. Kila kiasi cha fedha kiandikwe pamoja na mwaka wake.

3. Msilipende gofu la kasri kuliko hati. Hapa nitakaa kwa muda, kwa kuwa kosa hili limewaumiza watu waliotutangulia, wakiwemo waandishi wenye majina makubwa. Katika miaka ya 1970 mwanamke aliyejiita Begum Wilayat Mahal alifika kituo cha reli cha New Delhi na watoto wake wawili, watumishi na mbwa, akatangaza kwamba yeye ni mrithi wa watawala wa Awadh, ufalme wa zamani wa kaskazini mwa India, na akakaa katika chumba cha kungojea kwa takriban miaka kumi akidai fidia. Mwaka 1985 serikali ikampa Malcha Mahal, jengo la kale la mawindo lililomo msituni, lisilo na milango wala umeme. Alifariki mwaka 1993. Watoto wake waliendelea kuishi humo, wakiwapokea waandishi wa kigeni mmoja baada ya mwingine, na kila mwandishi aliondoka na habari ileile: damu ya kifalme, vyombo vya fedha vilivyofifia, ukoo unaokaribia kuzimika. Mwana wa kiume alikufa humo mwaka 2017, peke yake. Miaka miwili baadaye uchunguzi wa mwandishi wa gazeti la Marekani ulionyesha kwamba familia hiyo haikuwa ya kifalme hata kidogo. Mume wa mama huyo alikuwa msajili wa Chuo Kikuu cha Lucknow; familia ilihamia Pakistan baada ya nchi kugawanywa, ikapoteza makazi na mali, kisha mama akarudi India na watoto wake; na fedha za matumizi zilikuwa zikitumwa na kaka yao mkubwa aliyeishi Bradford, Uingereza.

Fikirini ni mara ngapi kosa lile lingeweza kuzuiwa kwa swali moja. Awadh ilitwaliwa na Waingereza mwaka 1856, na mtawala wake, Wajid Ali Shah, akapelekwa Calcutta, ambako alifariki mwaka 1887, na kizazi chake kilikuwa kikijulikana hukohuko. Dola hiyo haikuwapo mwaka 1947, haikusaini mkataba wa kujiunga, na haikuingia katika orodha ya posho. Aliyeuliza "ni hati gani inayoonyesha mlimiliki nini, na kwa jina la nani?" angesimama palepale. Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba ndani ya uzushi ule palikuwa na msiba wa kweli, yaani familia iliyovunjwa na mgawanyo wa India, na kwa miaka zaidi ya 40 hakuna aliyeusikiliza msiba huo, kwa sababu watu walikuwa wamekuja kutazama kasri.

4. Someni sheria za kodi kabla ya kusoma kumbukumbu za wafalme. Ushuru wa mirathi ulianza mwaka 1953, kodi ya mali mwaka 1957, na sheria ya ukomo wa ardhi za mijini mwaka 1976. Huko Rajasthan, sheria ya mwaka 1952 ya kurejesha ardhi za makabaila serikalini ilikwisha kubomoa tabaka zima la jamaa na wategemezi wa kasri. Man Singh II wa Jaipur aligeuza kasri la Rambagh kuwa hoteli mwaka 1957, miaka 14 kabla ya posho kufutwa. Mwanafunzi anayeandika kwamba hoteli za kifalme zilizaliwa na sheria ya 1971 hajafungua kalenda.

5. Hyderabad si mfano wa kawaida, na bado ninyi nyote mnauchagua. Nawaelewa. Osman Ali Khan, Nizam (yaani mtawala) wa dola hiyo, alitokea kwenye jalada la jarida la Time mwaka 1937 kama mtu tajiri kuliko wote duniani, na almasi ya karati karibu 185 aliitumia kuzuia karatasi zisipeperuke. Aligawa sehemu kubwa ya mali yake katika wakfu nyingi, akafariki mwaka 1967, na mjukuu wake Mukarram Jah akarithi maelfu ya wategemezi pamoja na kesi. Akahamia Australia Magharibi kufuga kondoo, na mwisho akafia Istanbul mwaka 2023. Lakini fuateni fedha zenyewe. Vito viliuzwa kwa serikali ya India mwaka 1995 kwa rupia milioni 2,180. Pauni milioni 1 zilizowekwa benki London Septemba 1948 zilikuwa zimefikia takriban milioni 35 mahakama ya Uingereza ilipoamua mwaka 2019 kwamba ni za India na wajukuu wawili wa Nizam, si za Pakistan, ambayo nayo ilizidai. Kasri la Falaknuma limekuwa hoteli tangu 2010. Mali hiyo ilibadilisha wenyewe, na kazi ya mtafiti ni kuonyesha kila mkono ulioipokea.

Wale mnaotoka pwani na kuvutwa na dola za Janjira au Sachin kwa sababu watawala wake walikuwa Wasidi wenye asili ya Afrika, chaguo lenu nalipenda sana; ila asili ya mtawala ni sura moja, na daftari la mapato yake ni sura tatu.

6. Kesi za mirathi zisiachwe kwa aya ya mwisho. Katika dola ya Rampur, mtawala wake, Nawab Raza Ali Khan, alifariki mwaka 1966, na Mahakama ya Juu ya India haikuamua hadi 2019, iliposema kwamba mali binafsi inagawanywa kwa warithi wote kwa sheria ya Kiislamu, wala haifuati kiti cha utawala kwenda kwa mwana mkubwa. Katika dola ya Faridkot, maharaja alifariki mwaka 1989, na wosia uliokabidhi mali kwa wadhamini ukathibitishwa kuwa wa kughushi mwaka 2022.

Kwa hiyo rasimu ya pili ije na jedwali la safu nne: mali, jina la mmiliki mwaka 1950, sheria au hukumu iliyoigusa, na aliyeishika baadaye. Popo nao wasubiri sura ya tano.