Re: Betri ya moyo kwa mtu anayezirai mara kwa mara
Dada, umeuliza mbona jirani anasema betri ya moyo (pacemaker, kifaa kidogo kinachowekwa mwilini kusukuma mapigo ya moyo) ilimponya kuzirai, ilhali daktari anasita kumwekea mama. Ana sababu ya kusita. Utafiti wa Amerika Kaskazini wa 1999 ulionyesha betri inapunguza sana kuzirai kunakotokana na presha na mapigo kushuka ghafla, ila wagonjwa walijua nani kawekewa. Mwaka 2003 watafiti wakarudia kwa ujanja: wagonjwa 100 wote waliwekewa, lakini kwa karibu nusu yao kifaa kilisikiliza mapigo tu, bila kuyasukuma, na mgonjwa hajui yuko upande gani. Ndani ya miezi sita, asilimia 33 ya waliowashiwa walizirai tena, na 42 ya wasiowashiwa. Tofauti hiyo ingeweza kuwa bahati tu! Huenda matarajio ya mgonjwa yalichangia ile nafuu ya kwanza, na pia kuzirai huku huja kwa vipindi na kutulia kwenyewe. (Si kujifanya, tuelewane.) Betri bado inawafaa baadhi ya wenye zaidi ya miaka 40 ambao vipimo vimenasa moyo ukisimama kwa sekunde kadhaa. Muulize daktari kama mama amepimwa hivyo. Kizunguzungu kikimjia, alale chini, miguu juu.