Amka Kwanza, Moyo Utafuata

Msichana mmoja wa Mikindani kaniandikia juzi: "Da, kazi imekwisha, usiku silali, asubuhi siamki. Wewe ulifanyaje hukuvunjika?" Nikaanza kumjibu kwa simu, jibu likawa refu. Wacha niliweke hapa, huenda mko wengi.

Nilikuwa karani wa kampuni ya kliaringi, ile kazi ya kuwatolea watu mizigo bandarini. Mwaka 2019 ikaja ile amri kwamba makontena ya bara yapande treni ya SGR moja kwa moja hadi Nairobi, kliaringi ikafanywe huko. Watu wa Mombasa mnakumbuka maandamano yetu ya Jumatatu. Yadi za Changamwe zikapwaya, malori yakalala, mama ntilie wakafunga vibanda. Mimi nikaachishwa kwa meseji. Miaka yote ile ya kukimbiza makaratasi ya bosi mpaka usiku, halafu meseji! Hadi leo tukikutana ni salamu tu, basi.

Marafiki nao wakapotea. Wale niliokuwa nikiwanunulia chai ya saa nne, hakuna hata aliyepiga hodi. Tuyaache hayo.

Walionishauri nijitazame kwenye kioo niseme "naweza" hawakunisaidia kitu. Nilisaidiwa na mahamri. Shangazi yangu wa Majengo aliniletea unga, akasema kuna watu wanayataka wakitoka swala ya alfajiri, na ameshawaahidi. Hakuniuliza kama naweza. Sasa unga wa mahamri umeshaukanda usiku kwa tui, hamira na iliki, utaumuka upende usipende. Ukilala, utachacha. Mbaazi nazo umeziroweka tangu jana. Inabidi saa kumi uwe jikoni. Siku za kulia nililia huku nakaanga, na wateja hawakujua.

Kwa hivyo, mdogo wangu, tafuta kazi itakayoharibika usipoamka, na mtu atakayekuuliza iko wapi. Hata kama faida ni ya nauli tu. Oga mapema, toka ndani. Usihesabu waliokukimbia. (Mimi nawahesabu bado, lakini wewe usihesabu.) Na tena nasema, amka! Nyinyi vijana mnashinda kitandani mkitazama video za kutiana moyo, mchana unaingia hamjanawa uso. Moyo mgumu hauji ukiwa umejifunika shuka. Mungu hutoa riziki, lakini nawe uwe umesimama mahali anapoweza kukuona.

Miaka ile ya katikati sina la kusimulia, ni kukanda na kukaanga. Leo nina kibanda chenye jina langu na wasichana wawili ninaowalipa.

Septemba 2022 serikali mpya ikairudisha kliaringi Mombasa. Haukupita muda, simu ikalia, mtu wa ofisi ya zamani: "Tunakuhitaji, dada." Nikamwambia apige tena baada ya saa nne, nikishamaliza kuuza. Hakupiga.