Maswali na majibu: Soko likiyumba, kiwanda hufanya nini?

Nina steshenari Mwenge. Kwa nini printa ndogo ni nafuu, halafu wino wake unanimaliza?

Kwa sababu faida ya kiwanda ipo kwenye wino. Printa unanunua mara moja, na hakuna ajuaye mwakani zitauzika ngapi. Katriji, yaani kikopo cha wino, utairudia tu. Mpango huo uligonga mwamba Indonesia: wenye maduka kama lako waliunganisha mirija kutoka kwenye printa hadi chupa za wino wa bei chee pembeni. Mwaka 2010 kampuni ya printa ya Epson ikaanzia hukohuko kuuza printa yenye tangi la kujaza. Mashine ikawa ghali zaidi, wino ukashuka. Kwa duka linalochapa kutwa nzima, nunua ya tangi hata kama itabidi ujichange miezi kadhaa. Kabla hujalipa, mwambie muuzaji akuonyeshe chupa za wino wake na bei zake.

Simu za Tecno zinatengenezwa Afrika?

Baadhi huunganishwa Afrika. Kampuni mama, Transsion ya Shenzhen, ina kiwanda Addis Ababa tangu 2011.

Mwaka 2021 magari mapya yaliadimika kwa kukosa chipu, vile vipande vidogo vya elektroniki. Viwanda havikuliona hilo?

Korona ilipoingia 2020 viwanda vingi vya magari vilifuta oda za chipu, na nafasi yao ikachukuliwa na watengenezaji wa kompyuta na simu. Toyota ilihimili kuliko wengi, maana baada ya tetemeko la ardhi la Japani la 2011 iliwataka wanaoiuzia vipuri waweke akiba ya chipu ya miezi kadhaa. Hata hivyo, Septemba 2021 nayo ikapunguza uzalishaji kwa asilimia 40.

Mimi ni bodaboda, Mbagala. Nikichelewa kulipa, simu ya mkopo inajifunga. Mbona wanatubana hivi?

Kipato chako leo kipo, kesho hakipo, na muuzaji hana dhamana zaidi ya simu hiyo iliyo mfukoni mwako. Ndiyo maana huwekwa programu ya kuifunga. Kampuni ya mikopo ya M-KOPA walianza Kenya na sola za kulipia kidogo kidogo, simu zikafuata. Njia hii imewapa wengi simu ambazo kwa taslimu wasingezipata, sikatai. Lakini piga hesabu: shilingi 1,500 kwa siku, mwaka mzima, ni 547,500, na hapo kianzio bado. Nenda kwenye maduka ya simu Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, ukaulize bei ya taslimu ya simu hiyohiyo. Inaniuma matangazo yanapotaja malipo ya siku peke yake. Jumla iandikwe palepale, kwa herufi kubwa kama jina la simu.