Jukwaa Kwanza: Jibu kwa Mchekeshaji Anayetaka Kuhamia Kwenye Podikasti

Juma lililopita niliandikiwa na mchekeshaji kijana ambaye anafikiria kuachana na majukwaa ili nguvu zake zote azielekeze kwenye podikasti, yaani vipindi vya sauti vinavyosikilizwa kupitia mtandao. Hoja yake ni kwamba jukwaani anasikilizwa na watu wachache waliochoka na kazi za mchana, ilhali rafiki yake mwenye podikasti anasikilizwa na maelfu bila hata kutoka chumbani. Swali hili huletwa kwangu mara kwa mara, na kwa kuwa nimeishi pande zote mbili za kazi hii, nimeona nilijibu kwa urefu. Usiache jukwaa, ndugu yangu. Podikasti ije baadaye, na itakapokuja ikukute tayari umekwisha kuwa mchekeshaji.

Mimi nilianzia kwenye maonyesho ya jukwaa huria, ambako kila aliyejiandikisha hupewa dakika chache, na taa ndogo huwashwa nyuma ya ukumbi kumwonya kwamba muda wake unakaribia kwisha. Wanaoanza huiogopa taa hiyo. Mimi niliipenda mapema, kwa sababu ilinilazimisha kuuliza kila neno lina kazi gani. Wakati huo nilikuwa na kichekesho kuhusu mjomba wa kubuni, na mwanzoni nilikisimulia hivi: mjomba aliuliza marehemu ni nani baada ya kulia msibani kuliko wafiwa wote. Watu walitabasamu, basi. Nikageuza mpangilio: mjomba alilia msibani kuliko wafiwa wote, akagaagaa, ikabidi ashikwe na wanaume wanne, na alipotulia akauliza marehemu ni nani. Ukumbi mzima uliangua kicheko. Habari ni ileile, lakini sasa jambo la kushangaza limesubiri hadi mwisho kabisa, na kile kilio kimepata nafasi ya kukua machoni pa msikilizaji kabla hakijaporomoshwa. Ilinichukua muda zaidi kujifunza kunyamaza baada ya neno la mwisho, kwa kuwa chochote unachoongeza hapo kinakanyaga kicheko ambacho kimeanza kupanda.

Hayo sikufundishwa na rafiki. Nilifundishwa na watu nisiowajua, ambao hawakuwa na sababu yoyote ya kunihurumia, na ambao kimya chao kilinieleza ukweli kabla sijafika kwenye ngazi za kushukia. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kuwa hadhira ndogo ni hasara. Watu kumi na watano waliokaa mbali mbali ndani ya ukumbi mkubwa ni wagumu kuchekesha kuliko mia waliobanana, kwa sababu kicheko huambukizwa na aliyekaa karibu, na mchekeshaji aliyeweza kuwachekesha wale kumi na watano ana kichekesho anachoweza kukibeba popote.

Miaka iliyofuata sitaisimulia yote, maana ilikuwa ya safari, kusubiri zamu na kurudi usiku. Niliingia kwenye podikasti wakati tayari nilikuwa na saa nzima ya vichekesho vyangu mwenyewe, na niliingia pamoja na rafiki niliyemwamini. Kipindi chetu kilipendwa haraka kuliko tulivyotarajia. Watu walianza kuja kwenye maonyesho kwa sababu walikuwa wameizoea sauti yangu masikioni mwao wakiwa njiani kwenda kazini, na nakiri kwa furaha kwamba hakuna heshima inayozidi ile ya mtu asiyekufahamu kukusalimia kana kwamba mmekua pamoja. Huo ndio uwezo mkubwa wa podikasti: huleta ukaribu ambao jukwaa haliwezi kuuleta kwa usiku mmoja.

Lakini ukaribu huo una gharama yake, na gharama hiyo ndiyo hasa sababu ya makala haya. Kila jambo la kuchekesha lililonipata katika juma lilitumika studioni kabla halijaiva. Nilikuwa nalisimulia likiwa bichi, mwenzangu anacheka, wasikilizaji wanaridhika, na nilipolipeleka jukwaani siku chache baadaye nikakuta safu za mbele wamekwisha kulisikia. Kicheko cha mtangazaji mwenza nacho hupotosha. Yeye hucheka kwa sababu anakupenda, kwa sababu kipindi kinahitaji uchangamfu, na kwa sababu ukimya kwenye vipokea sauti vya masikioni unatisha. Mchekeshaji anayepimwa na kicheko hicho peke yake huacha kugeuza mpangilio wa maneno, huacha kukata, na polepole huwa mzungumzaji mzuri, jambo ambalo ni jema, ila ni kazi nyingine.

George Carlin, mchekeshaji wa Marekani aliyefanya maonyesho maalumu 14 kwa ajili ya kituo cha televisheni cha HBO kati ya 1977 na 2008, aliheshimiwa na wachekeshaji wenzake kwa sababu aliviacha vichekesho alivyokwisha kuvirekodi na kurudi kuandika vipya. Phyllis Diller, mchekeshaji mwingine wa Marekani, alihifadhi vichekesho vyake kwenye kadi zilizozidi 50,000, zikapangwa kwa mada ndani ya kabati la chuma ambalo leo limo katika makumbusho ya Smithsonian. Nikiwaza juu ya watu hao wawili huona kitu kimoja: walikuwa na ghala. Podikasti ya kila juma hula ghala, na mtu asiye na ghala atajikuta anakula mbegu.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo bado inaniuma, na siandiki kwa nia ya kulipiza. Akaunti ya kuhifadhia vipindi vyetu ilifunguliwa kwa barua pepe ya mwenzangu. Tulipotofautiana kuhusu mdhamini, nywila ilibadilishwa, na juma lililofuata kipindi kiliendelea kwa jina lilelile, nyimbo zilezile za kufungulia, na mtu mwingine kwenye kiti changu. Wasikilizaji waliambiwa kwamba nimeamua kupumzika. Sikuwa nimeamua. Kwa wasioelewa mambo haya yanavyofanya kazi, podikasti husambazwa kwa mlisho mmoja, yaani anwani ambayo programu zote za kusikilizia huisoma ili kupata vipindi vipya, na yeyote anayeushika mlisho ndiye anayewashika wasikilizaji wote waliojiunga. Huwezi kuwafuata mmoja mmoja. Hujui hata majina yao. Sauti iliyowakusanya ilikuwa yangu kwa nusu, kama si zaidi, na bado nilijikuta nje ya mlango.

Kilichonibakiza katika kazi hii ni jukwaa. Usiku wa kwanza baada ya mtafaruku huo nilikuwa na onyesho lililopangwa zamani, na nilipopanda niligundua kwamba hakuna aliyeweza kubadilisha nywila ya kile nilichokuwa nimejifunza. Mjomba alilia msibani kama kawaida, watu wakacheka kama kawaida. Podikasti niliyoianza upya, nikiwa peke yangu na nikiwaalika wageni, sasa ina wasikilizaji wengi kuliko ile ya zamani, na siwezi kuficha kwamba jambo hilo linanifurahisha.

Mtu ataniambia kuwa wapo waliojengwa na podikasti, na mara nyingi atanitajia mchekeshaji wa Marekani, Marc Maron. Mfano huo namshukuru anayeuleta. Maron alianzisha kipindi chake mwaka 2009 baada ya kupoteza kazi ya redio, na mwaka 2015 Barack Obama, akiwa bado Rais wa Marekani, alikwenda kuhojiwa kwenye gereji ya mchekeshaji huyo huko Los Angeles. Ni habari ya kutia moyo kweli. Ila alipofungua kipindi kile alikuwa amekwisha kukaa jukwaani kwa zaidi ya miaka ishirini, na masikio yaliyomwezesha kusikia mahali ambapo mgeni anakwepa swali, au mahali ambapo utani mmoja utafungua maungamo, hayakununuliwa pamoja na maikrofoni. Podikasti ilimpa mlango. Aliyeuingia alikuwa amekwisha kutengenezwa mahali pengine.

Kwa hiyo, kijana, nakusihi uyafanye mambo haya kwa dhati. Rekodi kila onyesho kwa simu yako, hata lile lililoharibika, hasa lile lililoharibika, na ulisikilize kesho yake ukiwa na kalamu, ukiandika mahali kicheko kilipotokea na mahali ulipokitarajia kikakosekana. Heshimu taa, kwa kuwa dakika unazozidisha umemwibia mwenzako anayesubiri pembeni. Usikubali kudanganywa kwamba kutokulipwa ni sehemu ya masomo milele: mwaka 1979 wachekeshaji wa The Comedy Store, ukumbi wa vichekesho wa Los Angeles, waligoma kwa sababu ukumbi ulijaza viti kwa vipaji vyao na wao hawakupewa chochote, na mgomo ule ulimalizika kwa wao kuanza kulipwa. Jukwaa huria lisilo na malipo ni la kujaribia vitu vipya. Onyesho ambalo watu wamekatiwa tiketi kwa jina lako ni kazi, na kazi ina ujira wake.

Utakapofungua podikasti, kwa maana najua utaifungua, usianze na vifaa. Chumba chenye mapazia mazito na nguo nyingi na maikrofoni ya kawaida ya dainamiki, yaani ile isiyonasa sana sauti za mbali, ukiisogeza karibu na mdomo, vitakupa sauti safi kuliko maikrofoni ya gharama kubwa ndani ya chumba kitupu kinachorudisha mwangwi. Kila sauti irekodiwe kwenye faili yake, ili mmoja akikohoa usilazimike kumkata mwingine. Tenga pia vichekesho vya jukwaani na mazungumzo ya studioni. Kinachokuchekesha asubuhi kiende kwanza kwenye daftari, daftari liende jukwaani, na studioni uzungumze juu ya yale unayoyafikiri, unayoyauliza na unayoyasikia kwa wageni. Ukilinda mpaka huo, wasikilizaji wa podikasti watakuja ukumbini kukuta kitu wasichokijua.

Kama utafanya na mwenzako, muandike makubaliano kabla ya kurekodi hata dakika moja, na yataje jina la kipindi ni la nani, mlisho uko kwenye akaunti ya nani, nywila ziko mikononi mwa nani, fedha za mdhamini zinagawanywaje, na itakuwaje mmoja akitaka kuondoka. Akikuambia kwamba marafiki hawaandikiani, subiri hadi atakapokuwa tayari kuandika.

Umeniambia una maonyesho matatu mwezi huu na kwamba unafikiria kuyaahirisha ili ujipange na kipindi cha kwanza. Nenda kwenye yote matatu. Chukua dakika tano zilezile mara zote tatu, ubadilishe mpangilio na si mada, kisha unitumie rekodi za usiku wa kwanza na wa tatu. Nitazisikiliza zote mbili, na nitakuandikia ni wapi nilicheka.